Mlango wa Kikumi

(Maneno haya yalisemwa Kasese, magharibi mwa Uganda, mbele ya vijana waliokuwa wakimaliza mafunzo ya ufundi wa bodi za magari. Yameandikwa karibu kama yalivyotamkwa.)

Wazee wangu, wazazi, walimu, nanyi vijana ambao nguo zenu zimeshaanza kunuka thina, kile kiyeyusho cha rangi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi nimetoka Katwe nikaenda Katwe. Wenyeji mmecheka, basi mmenielewa. Nilizaliwa Katwe ya hapa kwetu, ya ziwa la chumvi. Ufundi nikaenda kuutafuta Katwe ya Kampala, ambako nyundo zinalia tangu alfajiri. Katwe moja inakula chuma, nyingine inakiunga.

Mliowahi kufika ziwani mmeliona lile gofu la kiwanda cha chumvi. Kilianza kujengwa miaka ya 1970, kazi ya Wajerumani, mitambo ya kisasa kabisa kwa wakati ule. Hakikudumu. Maji ya chumvi yaliyatafuna mabomba, mashine zikanyamaza, na mpaka leo watu wetu wanavuna chumvi kwa mikono, wamesimama ndani ya maji hadi kiunoni. Utotoni nilikuwa nikipita karibu na gofu lile bila kulifikiria sana. Baada ya kuijua kazi hii ndipo nikafahamu kwamba nilikuwa napita karibu na somo langu la kwanza.

Maana watu wanaiona kutu kama uchafu. Uchafu unafutika, chuma kikabaki kilivyokuwa. Kutu ni chuma chenyewe: kimekutana na maji na hewa, kikageuka. Unga ule mwekundu unaoupangusa kwa kidole ni bodi ya gari ya mteja inayoondoka. Chumvi ikiingia hapo, mwendo unaongezeka, na ndiyo sababu malori yanayobeba chumvi kutoka kwetu hayafichi umri wake.

Sasa mnajiuliza kwa nini mzee huyu amekuja na mlango begani. Nausimamisha hapa mezani. Walimu mmeniwekea ndoo ya maji, asanteni, ibaki hapo kwanza. Tutaigombania baadaye.

Mlango huu ni wa Kikumi. Kikumi kila mtu anaijua: Corolla ya miaka ya 1990, gari ambalo Mganda akilinunua anataka mjukuu alirithi. Tena siku hizi ni lazima alirithi kweli, kwa sababu tangu sheria ya 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kikumi nyingine haiji. Hizi zilizopo ndizo hizi, na ziko mikononi mwenu.

Jana jioni nilipiga msasa sehemu hii, upana wa kiganja, nikitelemka polepole mpaka chini. Njooni wawili mtazame. Mnaona pete? Kama kitunguu kilichokatwa. Juu kabisa kuna nyeupe. Hiyo ni ya juzi, ilipigwa gari lilipokuwa linataka kuuzwa. Chini yake kuna damu ya mzee, rangi ya harusi. Kisha kijivu kinene, hiyo ni puti, ule ujiuji unaogandishwa kuziba mabonde ya bati. Chini ya puti kijani cha kiwandani, halafu utando mwembamba wa kijivu cheusi, na hapo katikati, padogo kama shilingi, chuma cheupe.

Mlango umenisimulia maisha yake bila mimi kumuuliza mwenye gari. Ulitoka Japani ukiwa wa kijani. Uligongwa ubavuni, fundi akajaza puti badala ya kunyoosha bati. Ukapakwa damu ya mzee. Kisha akaja wa tatu, akapiga nyeupe juu ya vyote bila kukwangua chochote. Rangi tatu, na kila moja imebeba makosa ya iliyo chini yake.

Lakini nataka mtazame ule utando mweusi wa chini. Kiwandani, bodi ikiwa bado tupu, inazamishwa nzima katika dimbwi la rangi ya chini huku umeme ukipita, na rangi inashika mpaka ndani ya mifuko ambayo mkono wako haufiki. Hakuna gereji Kasese, wala Kampala, inayoweza kufanya hivyo. Rangi yote ya kiwandani, tangu utando huo hadi laka ya juu tunayoiita klia, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni nyembamba namna hiyo, na imekaa miaka 30. Ile puti ya milimita tatu imekaa miaka minne, ikapasuka.

Kwa hiyo jambo nililobeba leo, mbali na mlango, ni hili. Kijana akipewa gari la kupiga rangi upya anataka kukwangua lote mpaka ling'ae kama sufuria. Anadhani huo ndio ufundi. Mimi nasema: toa kilichokufa, acha kilicho hai. Kama rangi ya kiwandani imeshika, haina ufa wala malengelenge, ipige msasa ipoteze mng'ao, ipate mikwaruzo ya kushikia rangi mpya, basi. Usimvue mtu koti zuri ili umvalishe la mitumba. Ila kutu usiihurumie hata punje.

Utajuaje kilicho hai? Bandika mkanda wa karatasi, ubandue kwa nguvu: rangi iliyokufa inakuja na mkanda. Weka sumaku. Hii yangu nimeitoa kwenye spika mbovu ya redio. Tazameni: hapa juu inashika, inashika, inashika... hapa ubavuni imeanguka. Chini ya hapo kuna puti nene. Kisha tumia kidole. Lengelenge likibonyea likalia kama ganda la karanga, kutu iko chini inajenga nyumba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, zaidi ya mara mbili, kwa hiyo inainua rangi kutoka chini. Ukiona lengelenge la ukubwa wa harage, jiandae kukuta kidonda cha ukubwa wa yai.

Na jua letu mlijue. Mstari wa ikweta unapita wilayani kwetu, kwenye barabara ya kwenda Mbarara. Boneti na paa vinapigwa jua la utosini mwaka mzima. Klia inaanza kuchoka hapo, inabanduka kama ngozi ya mtu aliyebabuka, wakati milango bado mizima. Gari kama hilo halihitaji kukwanguliwa lote. Fanya boneti, fanya paa, milango iache na koti lake.

Haya, kukwangua kwenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipolipa ada yangu.

Nikiwa na miezi sita tu kazini kule Kampala, bosi alitoka akaniachia boneti na grainda. Nikaona nimeaminiwa. Nikafunga diski ngumu, nikabana, cheche zikaruka, rangi ikaondoka vizuri ajabu. Bati la gari halifiki milimita moja, mara nyingi ni 0.7 au 0.8. Mimi nilikuwa nimeegemea mahali pamoja, nafuata doa moja gumu, na bati likageuka rangi ya samawati. Nikadhani ni uzuri. Kumbe chuma kikipata joto kinatanuka, na kikibanwa pande zote hakina pa kwenda isipokuwa juu au chini. Kilipopoa, boneti ilikuwa inacheza: ukiibonyeza katikati, paa! Ukiachia, paa! Kama kifuniko cha kopo la mafuta. Bosi aliporudi hakunipiga. Aliibonyeza, paa, akaniangalia. Akabonyeza tena, paa. Siku nzima, kila mteja aliyeingia alipelekwa kuisikiliza boneti yangu.

Tangu siku hiyo: grainda yenye diski ngumu ni ya kukata na ya kulainisha welding. Kwa bati la bodi tumia diski laini ya sponji ngumu ile ya kubambua rangi, mwendo wa chini, mkono unatembea, na kila baada ya muda weka kiganja. Ukishindwa kukiacha kiganja juu ya bati, pumzika, nenda kanywe chai. Brashi ya waya ni nzuri kwenye pembe na mikunjo, lakini ijueni tabia yake: inaing'arisha kutu badala ya kuitoa. Kutu iliyosuguliwa kwa waya inang'aa kahawia kama kiatu kilichopigwa kiwi, na fundi mvivu anadanganyika kuwa ni chuma.

Kama hamna mashine, kuna msasa na mikono. Nambari ikipanda, msasa unakuwa laini: anza 80 kwa rangi nene, panda 120, 180, mpaka 240 kabla ya praima, ile rangi ya kwanza inayofunika chuma. Msiruke kutoka 80 kwenda 400. Mikwaruzo ya 80 inajificha chini ya rangi, wiki mbili rangi ikisinyaa inajitokeza, na mteja anaiona jua la saa kumi.

Dawa za kubambua rangi: zinafanya kazi, hasa kwenye rangi nyingi kama za mlango huu. Unapaka, unafunika kwa nailoni isikauke, inavimba, unakwangua. Ila someni kopo. Zenye methilini kloridi ziogopeni. Ukivuta mvuke wake, mwili wako wenyewe unaugeuza kuwa ile hewa ya sumu ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Marekani imezuia kuwauzia watu wa kawaida dawa hizo za rangi tangu 2019. Na magadi makali ya kutengenezea sabuni yanabambua rangi kwenye chuma, lakini yakigusa aluminiamu yanaila. Magari mengine yana boneti ya aluminiamu. Sumaku kwanza!

Kuhusu kupuliza mchanga nitasema kwa kifupi na kwa ukali. Mchanga wa ziwani au wa mtoni umejaa silika, madini magumu yanayotengenezewa kioo. Ukipulizwa unakuwa vumbi lisiloonekana, linaingia mapafuni, halitoki, na ugonjwa wake hauna dawa. Uingereza waliuzuia kwa kazi ya kusafisha vyuma tangu 1949. Nikimwona kijana anapuliza mchanga amejifunga leso puani, mimi sipiti kimya. Tena bati lenyewe jembamba linapinda. Kwa fremu ya lori, kwa vifaa vinavyofaa, sawa. Kwa mlango, hapana.

Na vumbi la rangi nalo si unga wa muhogo. Rangi za zamani, hasa manjano na nyekundu za malori, zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ndiyo kazi ya ndoo hii: rangi ya zamani ipige msasa kwa maji, vumbi lisiruke, tope lake likusanywe lisimwagwe kwenye mtaro. Lakini mara chuma kinapoonekana, ndoo inaondoka. Maji ni ya rangi, si ya chuma. Kuanzia hapo ni msasa mkavu na barakoa ya maana.

Sasa kutu. Kuna ya juu, ambayo ni wekundu tu: msasa unaitoa kwa dakika. Kuna iliyochimba: umefika chuma cheupe lakini kimebaki na vishimo vyeusi kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Na kuna iliyotoboa. Kabla ya kumwambia mteja bei, chukua bisibisi, chokoa. Bisibisi ikipita, hiyo si kazi ya msasa tena, ni kukata na kuunga bati jipya.

Vile vishimo vyeusi ndivyo vinavyotuaibisha. Msasa unapita juu, hauingii ndani. Hapo tumia tindikali ya fosforasi, ile inayouzwa kama dawa ya kutu. Inaigeuza kutu iliyobaki na kuacha ngozi ya kijivu. Paka, iache kama kopo linavyosema, isafishe, kausha sana. Praima ya epoksi, ile isiyopitisha maji, ikikuta mabaki ya tindikali haishiki, itabanduka kama karatasi. Ndiyo, najua mtaniuliza soda nyeusi ya chupani. Ina tindikali hiyo kidogo, pamoja na sukari nyingi. Mnywe nyinyi.

Vitu vidogo vinavyofunguka, bawaba, mabano, boliti, msivichoshe kwa msasa. Molasi! Ni ule uji mweusi mzito unaobaki sukari ikitengenezwa: viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vinaitoa, wafugaji wanailisha ng'ombe. Kipimo kimoja cha molasi, tisa vya maji, ndani ya pipa la plastiki, tumbukiza, sahau wiki moja au mbili. Inaila kutu, chuma kizima inakiacha. Inanuka vibaya mno na majirani watakusengenya. Aluminiamu usiitumbukize, hutaikuta.

Mmepata chuma cheupe? Basi saa imeanza kuhesabu, na hapa ndipo mafundi wazuri wanapoanguka. Niliwahi kukwangua fenda, lile bati la juu ya gurudumu, mpaka ikang'aa, jioni ya mwezi wa nne, mvua inanukia. Nikajisemea, praima kesho. Asubuhi nikaikuta imevaa rangi ya chungwa, nyembamba kama poda, kila mahali. Na katikati kulikuwa na alama tano nyekundu zaidi kuliko pengine, zimepangika vizuri. Nilizitazama sana kabla ya kuzitambua. Vilikuwa vidole vyangu. Nilikuwa nimeishika fenda kuipeleka ndani, na jasho ni chumvi. Mtoto wa Katwe nikashindwa na chumvi ya mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo, ukishafika chuma, usikishike bila glavu. Kipanguse kwa thina au kiondoa mafuta na kitambaa safi, si kile cha kufutia injini. Praima ya epoksi siku hiyohiyo. Praima ya kawaida, ile ya kijivu ya bei rahisi, inapitisha maji. Gari likiachwa nje na praima hiyo wiki tatu likisubiri mwenye gari apate pesa, kutu inarudi chini yake kimyakimya, na wewe utapiga rangi juu yake ukiamini umefanya kazi safi. Kama huna pesa ya kumaliza gari zima, kwangua mlango mmoja, ufunge, ndipo uende wa pili. Usivue nguo zote siku ambayo una shati moja.

Puti nayo inanyonya maji kama mkate. Ikiwekwa juu ya kutu, umeipa kutu godoro. Nilipobambua mlango huu upande wa chini nilikuta puti, ndani ya puti gazeti limekunjwa kuziba tundu. Lilikuwa bado linasomeka. Aliyefanya simjui, na hata ningemjua nisingemtaja.

Na kabla hamjalaumu puti, inamisheni vichwa mtazame ukingo wa chini wa mlango. Vitundu hivi vitatu vya kutolea maji vyote vimezibwa na tope. Mvua inaingia kwenye kioo, inateremka ndani, inakaa. Mlango umeoza kutoka ndani kuja nje. Hapa Kasese, tangu mto Nyamwamba ulipofurika 2013, ukafurika tena 2020, mimi kila gari la mjini nachokoa vitundu kwanza. Ukipaka nje ukaacha tope ndani, utamwona mteja huyohuyo baada ya msimu mmoja, na hatakuja kukusalimia.

Mama mmoja mwenye kamunye, basi dogo la abiria, aliniletea gari lake akaniambia, “Fundi mwanangu, mwenzako wa kule ananipigia rangi kwa nusu ya bei yako.” Nikamwambia, “Mama, ni kweli, na itang'aa.” Sikumkashifu mwenzangu. Nilimchukua, nikachokoa kizingiti cha mlango wa abiria kwa bisibisi mbele yake, ikazama mpaka mpini. Akanyamaza. Akauliza, “Watoto wa shule wanakanyaga hapo?” Tukaanza kuzungumza kwa namna nyingine. Nikamwandikia bei vipande viwili: ya kukwangua na kuunga, na ya rangi. Alilipa ya kwanza mwezi ule, ya pili miezi miwili baadaye, na muda wote huo gari lilitembea na praima ya epoksi, baya kama kinyago. Watu walimcheka stendi.

Nitajibu maswali, lakini si kwa mdomo. Mlango una upande huu wa pili ambao sijaugusa, na nyeupe yake imeshavimba hapa karibu na kitasa. Msasa wa 80 na 120 uko kwenye mfuko, bisibisi hii, sumaku hii. Wewe uliyekaa nyuma kabisa ukicheka habari ya boneti, njoo. Vaa barakoa kwanza. Anza na maji, taratibu, na ukiona chuma sema, nitaiondoa ndoo mwenyewe.